Kingsbury: London ilikimeza kijiji au ilikiokoa?

Sensa ya 1921 ilikuta watu 1,856 Kingsbury, kijiji cha kaskazini magharibi mwa London ambacho enzi hizo kilihesabiwa kwenye kaunti ya Middlesex. Sensa iliyofuata, ya 1931, ikakuta watu 16,636. Miaka kumi tu, karibu mara tisa. Na hapo mjue kwamba karne nzima iliyotangulia kijiji kilitoka watu mia mbili na kitu mwaka 1801 mpaka 757 mwaka 1901, yani miaka mia moja hawajafika hata mia nane, halafu ghafla bin vuu.

Hadithi inayopendwa kusimuliwa kuhusu vijiji kama hivi ni fupi: palikuwa na mashamba, kanisa la zamani, kila mtu anamjua mwenzie, halafu treni ikaja, matajiri wa kujenga nyumba wakaja nyuma yake, kijiji kikafa. Upande wa pili nao wana hadithi yao, kwamba kijiji kilikuwa tope na umaskini, jiji likaleta maji ya bomba, umeme, choo cha ndani na nyumba ambayo karani wa kawaida anaweza kuinunua, sasa mnalilia nini? Mi naona zote mbili zina ukweli ndani yake, ila zote zinaruka swali ambalo kwangu ndo lenyewe. Kijiji kilikuwa cha nani, na nani aliamua kiuzwe?

Tuanze na hilo la treni maana linasemwa sana na sio kweli hivyo. Stesheni ya Kingsbury ilifunguliwa tarehe 10 Desemba 1932, kwenye tawi jipya la reli ya Metropolitan lililotoka Wembley Park kwenda Stanmore. Rudi sasa kwenye namba za juu, wale elfu 16 walikuwa wameshahesabiwa mwaka mmoja na nusu kabla ya treni ya kwanza kupita hapo. Kweli upande wa mashariki, ng'ambo ya barabara ya Edgware, treni ya chini ya ardhi ilikuwepo toka 1924 na ilisaidia sana, siwezi kuikana, lakini kwa sehemu kubwa ya Kingsbury nyumba zilitangulia na reli ikazifuata. Metropolitan walikuwa wafanyabiashara wazuri sana, kampuni yao ilikuwa mpaka na kampuni dada ya kuuza viwanja na nyumba pembeni ya reli, hawakuwa watu wa kupeleka mabehewa porini kwa mapenzi tu.

Kilichofungua Kingsbury zaidi ni barabara, na barabara zilikuja kwa sababu ya maonesho. Mwaka 1924 na 1925 pale Wembley, jirani kabisa, Waingereza walifanya Maonesho ya Dola ya Uingereza, kila koloni na banda lake, na kwa miaka ile miwili inahesabiwa waliingia watu kama milioni 27. Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika walipangwa kwenye banda moja la Afrika Mashariki lililojengwa kwa sura ya Kiarabu, watu wa London wanapita wanaangalia bidhaa zetu halafu wanaenda kunywa chai. Sasa umati wote huo ulihitaji njia za kupita, kwa hiyo njia nyembamba za Kingsbury zilizokuwa za mikokoteni zikapanuliwa na kunyooshwa, na barabara ikishapanuliwa huwa hairudi kuwa nyembamba maonesho yakiisha. Mabasi yakaja, wenye viwanja wakaweka vibao. Kwa maana hiyo kijiji hiki kilifunguliwa na dola ikijionesha, na hilo litarudi huko mbele kwa namna ambayo waandaaji wa maonesho nadhani hawakuiota.

Lakini kabla ya hapo, hicho kijiji chenyewe kilikuwa nini hasa?

Wanaokililia wanakisema kama kilikuwa dunia yake, kinajitegemea, London iko mbali huko. Kwa karne ya 19 hiyo picha haisimami. Karibu ardhi yote ya Kingsbury ilikuwa majani, na majani yale yalikuwa ya farasi wa London. Jiji zima lilitembea kwa farasi, mabasi, teksi, mikokoteni ya mkaa wa mawe na ya bia, na farasi anakula kila siku awe amefanya kazi au hajafanya. Kwa hiyo kila kiangazi watu wanakata majani kwa mundu mrefu, wanayaanika, wanayageuza yakauke pande zote, wanaomba Mungu mvua isinyeshe wiki hiyo, wanayarundika, halafu yanapakiwa kwenye mikokoteni mpaka masoko ya jijini na mkokoteni mara nyingi unarudi na samadi ya farasi hao hao kuja kurutubisha shamba. Sheli ya mafuta ya London, ndo kilivyokuwa. Na kilimo cha majani hakihitaji watu wengi, kinahitaji umati kwa wiki chache za kuvuna na baada ya hapo wachache tu wa kuangalia uzio na mitaro, ndo maana ile idadi ya watu ililala miaka mia. Watu wanaiona namba ndogo wanasema utulivu, mi naona pia ajira hakuna.

Hata maji yalikuwa hivyo hivyo. Miaka ya 1830 kampuni ya mfereji wa Regent's Canal ilipopungukiwa maji ya mfereji wake huko jijini, ikauzuia mto Brent na kutengeneza bwawa kubwa mpakani mwa Kingsbury na Hendon, malisho yaliyokuwa bondeni yakazama. Bwawa lipo mpaka leo, watu wanaliita Welsh Harp kwa jina la baa iliyokuwa pembeni yake barabara ya Edgware, na baadae karne hiyo hiyo watu wa jijini walikuwa wanamiminika hapo siku za mapumziko kunywa na kuangalia mashindano. Kwa hiyo London ilikuwa imeshalala kitanda cha Kingsbury zamani sana kabla ya nyumba ya kwanza ya matofali mekundu.

Na ardhi? Sehemu kubwa ilikuwa ya chuo cha All Souls cha Oxford, toka karne ya 15. Kuna ramani za mwaka 1597 ambazo mkuu wa chuo wa wakati huo, Hovenden, aliagiza zichorwe, zinaonesha kila shamba na uzio wake, kazi safi kweli kweli. Ziangalie utaelewa kitu kimoja: mtu haagizi ramani ya kijiji anachokaa, anaagiza ramani ya mali iliyo mbali inayomletea kodi. Waliolima walikuwa wapangaji na waliovuna walikuwa vibarua. Ilipofika wakati wa kuuza mashamba yawe viwanja, uamuzi ulikuwa wa wenye hati, na kibarua wa majani aliyezaliwa pale na babu yake akazikwa pale kanisani hakuwa na cha kusaini. Hapa ndo naungana na wanaolia, ila sababu yangu sio yao. Wao wanalia mandhari, mi namfikiria yule mtu aliyekuwa analala kwenye kibanda cha mwajiri, shamba likiuzwa kazi imekwenda na nyumba imekwenda siku moja.

Halafu lazima tuseme ukweli kwamba shamba lenyewe lilikuwa linakufa. Kampuni kubwa ya mabasi ya London iliondoa basi lake la mwisho la farasi Oktoba 1911. Magari ya mizigo yakafuata. Shamba la majani bila farasi ni la kazi gani? Mwenye ardhi wa 1920 alikuwa anaangalia soko lake linakauka huku mjenzi yuko getini na pesa taslimu, hata ningekuwa mimi sijui kama ningekataa.

Kati ya majani na nyumba palipita kitu kingine ambacho watu wa pande zote mbili wanakisahau, ndege. Tambarare ile ile nzuri kwa majani ni nzuri kwa kurushia ndege. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia eneo hili na majirani zake Hendon na Colindale walijaa viwanda vya ndege, na wafanyakazi walikuwa wengi kuliko vitanda, serikali ikaamua kujenga nyumba kama 250 pale Roe Green kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya Airco, chini ya msanifu wa serikali Frank Baines. Zilimalizika vita imeshaisha, kawaida ya miradi. Lakini alizipanga vizuri, nyumba ndogondogo za matofali, njia zinapinda, bustani, miti, zimefanywa zionekane kama kijiji cha Kiingereza cha zamani. Serikali ilijenga kijiji cha kuigiza ndani ya kijiji halisi, na leo ukimpeleka mgeni Kingsbury akuoneshe kijiji kiko wapi atakuonesha hicho cha kuigiza.

Uwanja wa ndege wa Stag Lane ndo ulikuwa maarufu zaidi. De Havilland, kampuni ya kutengeneza ndege, waliingia pale 1920, ndege yao ndogo iitwayo Moth iliruka mara ya kwanza hapo Februari 1925, na Amy Johnson alijifunza kurusha ndege kwenye klabu ya hapo hapo kabla ya kwenda peke yake mpaka Australia mwaka 1930. Miaka michache baadae nyumba zikawa zimeuzunguka uwanja pande zote, ndege na mapaa ya nyumba haviendani, De Havilland wakahamia Hatfield, uwanja wakauziwa wajenzi, na 1934 ndege ya mwisho ikaondoka. Pale palipokuwa njia ya kurukia kuna mitaa, mmoja unaitwa Mollison Way, jina la rubani Jim Mollison aliyekuwa mume wa Amy Johnson. Jirani yake ikafunguliwa stesheni nyingine ya treni mwaka huo huo, jina likatafutwa kwa shindano la gazeti, na kwa sababu tayari kulikuwa na ya mfalme (king), yani Kingsbury, wakaona waiite ya malkia (queen), Queensbury. Hapo kabla hapakuwa na kijiji cha jina hilo, kitongoji kizima cha jiji kimezaliwa na jina la shindano.

Nauleta uwanja wa ndege kwa sababu unatibua ile hadithi ya kijiji kizuri na jiji baya. Stag Lane nao ulimezwa vile vile, na ulikuwa na ajira nyingi na ufundi mkubwa kuliko shamba lolote la majani, lakini hakuna anayeulilia. Tunalilia kinachofanana na picha ya kalenda.

Haya, nyumba zenyewe. Nyingi zilikuwa zile nyumba pacha, mbili zinagawana ukuta mmoja wa katikati, kila moja na kibustani mbele na bustani ndefu nyuma, dirisha la mbele limetoka nje kwa duara, vyumba vitatu juu. Juni 1932 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake mpaka asilimia 2 na mikopo ya nyumba ikashuka nayo, watu wakawa wanapata nyumba mpya chini ya pauni 1,000 wanalipa kidogo kidogo kwa miaka ishirini na kitu. Mtu aliyekulia kwenye chumba cha kupanga katikati ya London, choo wanachangia familia nne, leo ana bafu lake, ana mti wake wa matofaa, ana jina lake kwenye hati. Wasomi wa enzi zile walizicheka sana hizi nyumba, wanasema ni za kopi, kila mtaa kama mwingine, mbao za urembo zimegongomelewa juu ya ukuta zijifanye za karne ya 16. Waliocheka wengi walikuwa na nyumba nzuri tayari, na mimi kejeli ya namna hiyo huwa hainiingii.

Na Kingsbury hata kopi zote hazikuwa kopi. Kulikuwa na msanifu mmoja anaitwa Ernest Trobridge, alizaliwa Belfast, mtu wa imani yake na misimamo yake, aliyejenga hapo miaka ya 1920 nyumba za mbao zilizoezekwa makuti. Sio makuti ya mnazi bila shaka, ni nyasi na matete kama za Waingereza wa zamani, lakini juu kwenye kilele cha paa akalaza bomba la maji lenye matundu ili moto ukitokea paa lilowe. Miaka ya 1930 akahamia kwenye ngome, akajenga majengo ya fleti yenye minara na kuta za meno kama ya kivita, mabomba ya moshi yamefichwa humo humo minarani, mpaka leo ukipita Buck Lane utaona ngome mtaani katikati ya nyumba za kawaida na watu wanatoka kwenda kazini na mabegi yao kama hakuna kitu. Hicho nacho ni kitongoji. Anayesema vitongoji vyote ni sawa hajapita hapo.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu linaeleza historia hii yote kuliko sensa. Kanisa la zamani la Mtakatifu Andrea la Kingsbury ni dogo, la enzi za kati, ndani ya kuta zake kuna vigae vya Kirumi vilivyotumiwa tena. Lilikuwa linawatosha wale watu mia saba. Watu elfu 16 haliwezi. Wakati huo huo katikati ya London, mtaa wa Wells, kulikuwa na kanisa kubwa la Mtakatifu Andrea mwingine, la miaka ya 1840, lenye mapambo ya wasanifu wakubwa wa karne ile, na lilikuwa limebaki tupu kwa sababu waumini wake wamehama, mitaa ya pale imekuwa ya maofisi na maduka. Unajua walichofanya? Walilibomoa jiwe kwa jiwe, wakayawekea mawe namba, wakayasomba mpaka Kingsbury wakalijenga upya pembeni kabisa ya lile dogo, kwenye uwanja ule ule wa makaburi, kazi ikaisha 1934. Makanisa mawili, jina moja, yanatazamana.

Wanaosema London ilimeza kijiji wanasahau kwamba London yenyewe ilikuwa inatoka. Waliokuja Kingsbury hawakuwa jeshi, walikuwa ni watu wa mitaa iliyobanana, mitaa yao ikafa nyuma yao kama kijiji kilivyokufa mbele yao, na kanisa likabidi liwafuate. Upande mwingine lakini lile kanisa dogo nalo ni ushahidi wa wanaolia. Mawe ya mgeni yaligharamiwa na kubebwa maili kadhaa, na la wenyeji likaja kubaki bila ibada za kawaida, sasa linatunzwa na mfuko wa kuhifadhi makanisa yasiyotumika. Kwa haki siwezi kumwambia mtu ambaye babu zake wamezikwa pale asione uchungu.

Kuhusu mandhari, kilichopotea kilipotea kweli na kwa fujo. Hakukuwa na mpango. Kila mwenye shamba aliuza muda wake, kila mjenzi alipanga mitaa yake bila kuangalia ya mwenzie, maduka yakaja barabarani, katikati ya mji hakuna, ndo maana mpaka leo ukiuliza katikati ya Kingsbury ni wapi watu wanakutajia stesheni. Sheria za kudhibiti zilikuja zimechelewa, ya ujenzi wa kando ya barabara 1935, ya mkanda wa kijani wa London 1938, ya mipango miji ya maana kabisa 1947, wakati huo Kingsbury imeshajaa. Ukilinganisha na Roe Green ya Baines unaona kabisa kwamba ilikuwa inawezekana kujenga nyumba nyingi na bado pawe pazuri. Kwa hiyo wale wanaotetea kitongoji kwa kusema "watu walihitaji nyumba" nawakubalia nusu, walihitaji nyumba, hakuna aliyehitaji zile fujo.

Sehemu moja ilipona, na jinsi ilivyopona inafaa kuangaliwa. Mwaka 1938 halmashauri ya kaunti ya Middlesex ilinunua mashamba yaliyobaki kati ya Kingsbury na Wembley ili yasijengwe. Leo inaitwa Fryent Country Park, zaidi ya hekta 100, kuna kilima cha Barn Hill chenye miti ambayo mbunifu Humphry Repton alipanga ipandwe miaka ya 1790, na baadhi ya nyuzio za miti ni zile zile zilizochorwa kwenye ramani za 1597. Majani bado yanakatwa kila mwaka na kukaushwa kama zamani. Kilichookoa pale ni cheki ya halmashauri. Mashairi ya kusifia vijiji yaliandikwa mengi sana miaka ile na hayakuzuia hata tofali moja.

Tuje kwenye watu wetu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar 1964, baada ya sheria za Kenya za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, baada ya Tanzania kutaifisha majengo ya kupangisha 1971 na hasa baada ya Idi Amin kutangaza Agosti 1972 kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90, Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wenye pasi za Uingereza walikwenda huko, na sehemu kubwa wakatua Wembley, Kingsbury, Kenton na Harrow. Nusu karne tu toka lile banda letu kwenye maonesho. Na nyumba pacha za 1930 ziliwafaa kuliko wale waliojengewa, maana babu na bibi chini, wazazi na watoto juu, bustani ya nyuma imeongezwa chumba, duka liko barabara kuu hatua chache. Barabara ya Kingsbury leo utakuta nguo za harusi za Kigujarati, dhahabu, na mogo (muhogo) wa kukaanga na pilipili kwenye menyu, na kina bibi ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili wanakujibu vizuri tu na wanakuuliza habari za Mwanza. Jayaben Desai, aliyeongoza mgomo wa kiwanda cha picha cha Grunwick pale jirani, Willesden, kuanzia 1976 mpaka 1978, naye alikuwa amepitia Tanzania kabla ya kufika huko. Mwaka 2014 likafunguliwa Kingsbury hekalu kubwa la Swaminarayan, na waumini wake wana bendi inayopiga zumari za mifuko za Kiskoti wamevaa na sketi zenyewe, hilo mi nalipenda basi tu.

Walipofika hawakupokelewa wote kwa maua. Machi 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie, na hoja ilikuwa pamejaa, sura ya mahali itabadilika. Mwaka huo huo wa 1968, Roe Green, zile nyumba za serikali za wafanyakazi wa ndege, zikawekwa kwenye orodha ya maeneo ya kuhifadhiwa kwa sababu ya sura yake. Zilikuwa na miaka hamsini tu! Kitu kilichojengwa haraka kwa ajili ya wageni waliofuata kazi kimeshakuwa urithi, na wageni wapya wanaambiwa wataharibu.

Siku hizi hoja ni magorofa. Kuzunguka uwanja wa mpira wa Wembley umeota msitu wa fleti ndefu, na shinikizo linapanda Kingsbury, na wanaopinga wengi ni wenye nyumba pacha, Wahindi, Waingereza, Waireland, wote pamoja, wakisema pamejaa, kivuli kitatufunika, sura ya mtaa itapotea. Wenye kuunga mkono wanasema watoto wenu wenyewe hawawezi kununua hapa na nyumba ambayo mwaka 1935 haikufika pauni 1,000 leo ni mamia ya maelfu. Siwacheki wanaopinga, kivuli ni kivuli, na msongamano kwenye zahanati na shule unaonekana. Fleti nyingi nazo ni ndogo na ghali, za wawekezaji, kwa hiyo kusema tu "jengeni" haimsaidii moja kwa moja yule anayepanga chumba. Ila tofauti na 1921 iko hapa: safari hii wenye hati ndo wanaokataa na wapangaji ndo wanaohitaji, zamani wenye hati ndo waliouza na wapangaji wakatolewa. Kote kuwili mpangaji haulizwi.

Msimamo wangu ni kwamba Fryent isiguswe hata kwa mita moja, ilinunuliwa kwa pesa ya umma kwa kazi hiyo. Roe Green na ngome za Trobridge zibaki zilivyo. Lakini maegesho ya magari nyuma ya maduka, na majengo ya chini yaliyochakaa kando ya barabara ya Edgware, hapo mtu akileta ghorofa sita zenye nyumba za kupanga kwa bei ya halmashauri, vyumba vitatu vya kutosha bibi na wajukuu, mi nitasaini.